SOMO LA ROBO HII: NIA NJEMA NA HESABU NJEMA
Tunachojifunza kutoka kampuni ya nishati ya Jiji la Nottingham

Ndugu wapendwa katika Bwana, wajumbe wa Kamati za Miradi za sharika, na ninyi wafadhili wetu mnaosoma jarida hili,

Katika somo la robo hii tunawapeleka mbali kidogo, hadi mji wa Nottingham katikati ya Uingereza, ambako halmashauri ya jiji ilianzisha kampuni yake ya kuuza umeme na gesi kwa ajili ya kuwasaidia maskini. Nia ilikuwa njema kabisa. Kampuni ilidumu miaka mitano, kisha ikauzwa na kuacha hasara kubwa. Tumechagua habari hii kwa sababu makosa yaliyofanyika kule ni yale yale yanayofanyika katika miradi yetu midogo. Sisi wa Ofisi ya Miradi tumeyafanya pia, kama tutakavyoeleza mbele.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kila kamati iweze: (a) kueleza umaskini wa nishati ni nini na unasababishwa na nini, (b) kutofautisha nia ya mradi na uwezo wa mradi kujiendesha, na (c) kukagua mradi wake kwa maswali yaliyo mwishoni mwa somo.

1. UMASKINI WA NISHATI NI NINI?

Sisi tulio katika nchi za joto huenda tusielewe haraka. Uingereza wakati wa baridi, nyumba isiyopashwa moto huwa na unyevu na ukungu ukutani, na watu huugua kifua na moyo, hasa wazee na watoto wachanga. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi inayochemsha maji yanayozunguka kwenye mabomba ndani ya nyumba. Gesi hiyo inalipiwa. Kwa mwenye kipato kidogo hufika mahali pa kuchagua: ale au apate joto.

Mtafiti Brenda Boardman, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alipendekeza kipimo kilichotumika kwa miaka mingi: kaya iko katika umaskini wa nishati ikiwa inahitaji kutumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili nyumba iwe na joto la kutosha. Baadaye serikali ilibadilisha kipimo hicho, lakini mambo yanayosababisha tatizo ni yale yale matatu: kipato kidogo, bei kubwa ya nishati, na nyumba mbovu inayopoteza joto. Tunaomba mkumbuke haya matatu, maana tutayarudia.

Kuna jambo moja ambalo kwetu linafahamika vizuri. Kaya nyingi maskini za Uingereza hutumia mita za kulipa kabla ya kutumia, kama LUKU yetu. Kwa muda mrefu wenye mita hizo walilipa bei kubwa kuliko waliotumiwa ankara mwisho wa mwezi. Yaani maskini alinunua kidogo kidogo, na kwa bei ya juu zaidi. Mama yeyote anayenunua mafuta ya kula kwa kipimo cha kikombe anajua maana yake.

2. KWA NINI HALMASHAURI ILIINGIA KATIKA BIASHARA HII

Si jambo geni. Kabla ya mwaka 1948, halmashauri nyingi za miji ya Uingereza zilikuwa na mitambo yao na ziliwauzia wananchi umeme. Mwaka huo serikali kuu ilitaifisha umeme, na miaka mingi baadaye ukabinafsishwa. Ilipofika miaka ya 2010 soko la nyumbani lilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa sita. Tume ya serikali ya ushindani wa biashara ilimaliza uchunguzi wake mwaka 2016 na kusema kwamba wateja wa majumbani walikuwa wamelipa zaidi ya inavyostahili, kwa wastani wa pauni bilioni 1.4 kwa mwaka.

Madiwani wa Nottingham walikuwa wameliona hilo mapema. Septemba 2015 walizindua kampuni inayomilikiwa na halmashauri kwa asilimia mia, isiyogawa faida kwa mtu yeyote. Waliiita Robin Hood Energy. Robin Hood ni mtu wa hadithi za kale, mpiga mishale wa msitu wa Sherwood ulio karibu na mji huo, aliyewanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini. Jina lilipendwa. Kampuni haikuwa na wanahisa wa kulipwa gawio, na wakazi wa Nottingham waliwekewa bei yao maalumu.

Halmashauri nyingine zikavutiwa. Leeds, Liverpool, Derby, Islington ya London na nyinginezo ziliuza umeme na gesi kwa majina yao wenyewe, huku kazi yote ya nyuma ikifanywa na Robin Hood Energy. Jiji la Bristol likaanzisha kampuni yake. Kwa wakati ule ilionekana kwamba njia imepatikana, na kampuni ya Nottingham ikafikisha wateja zaidi ya laki moja.

3. JINSI MUUZAJI WA NISHATI ANAVYOFANYA KAZI

Hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo somo lilipo.

Robin Hood Energy haikuwa na mtambo wa kuzalisha umeme wala kisima cha gesi. Ilikuwa muuzaji wa rejareja. Ilinunua nishati kwa bei ya jumla sokoni, ikalipia usafirishaji katika nyaya na mabomba ya wengine, ikalipa michango ya lazima iliyowekwa na serikali, kisha ikamtoza mteja. Kinachobaki ni chake cha kuendeshea ofisi, kuhudumia simu, na kufidia wasiolipa.

Sasa tuchukue ankara ya shilingi 100 kwa mfano. Miaka ile, faida ya wauzaji wakubwa wa majumbani ilikuwa kama shilingi 4 au 5 katika kila 100. Zilizobaki ni gharama. Kwa hiyo kampuni isiyotaka faida hata kidogo inaweza kumpunguzia mteja hizo shilingi 4 au 5. Zaidi ya hapo inabidi iwe na ufanisi kuliko kampuni kubwa zenye wateja mamilioni, au iuze kwa hasara.

Kumbukeni yale mambo matatu. Muuzaji hawezi kuongeza kipato cha mteja. Hawezi kutengeneza nyumba yake. Hata bei yenyewe, anaigusa sehemu ndogo tu. Watu walisema, "Tukiondoa faida, maskini atapona," lakini hawakupima kwanza hiyo faida ni kiasi gani.

Tena, muuzaji wa rejareja hubeba hatari kubwa. Akimwahidi mteja bei isiyobadilika kwa mwaka mzima, na bei ya jumla ikapanda, tofauti ni yake. Baridi ikiwa kali kuliko kawaida, lazima anunue zaidi wakati bei iko juu. Kampuni kubwa hununua mapema na zina akiba ya kuvumilia. Kampuni changa humtegemea mwenye nayo, na hapa mwenye nayo alikuwa halmashauri, yaani walipa kodi wa Nottingham.

4. MAMBO YALIVYOHARIBIKA

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2017 kampuni ilipata hasara ya pauni milioni 7.6. Mwaka uliofuata ilitangaza faida ya pauni 202,000, na watu wakafurahi. Lakini mwaka 2018 bei za jumla zilipanda, na kuanzia Januari 2019 serikali ikaweka kikomo cha bei kwa wauzaji wote. Katika mwaka ulioishia Machi 2019 kampuni ilipata hasara ya pauni milioni 23.1.

Dalili iliyoonekana na watu wote ilikuja mwaka 2019. Uingereza, kila muuzaji anatakiwa kuchangia uendelezaji wa umeme wa upepo, jua na vyanzo vingine safi. Gharama hiyo imo ndani ya ankara za wateja, lakini muuzaji huilipa baadaye, mwaka ukishakwisha. Muda ulipofika, Robin Hood Energy haikuwa na pauni milioni 9.5 zilizotakiwa. Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la nishati, ikaipa tarehe ya mwisho. Kampuni ililipa baada ya kupata mkopo mwingine wa halmashauri.

Wajumbe, tafakarini jambo hili. Fedha zilizokusanywa kwa kazi moja zilikuwa zimekwisha kutumika katika kazi nyingine. Pengine hakuna aliyeiba hata senti. Fedha ziliingia katika mfuko mmoja, mahitaji ya leo yakazimeza za kesho.

Septemba 2020 halmashauri ilitangaza kuwahamishia wateja wake kwa British Gas, moja ya zile kampuni kubwa ambazo Robin Hood Energy ilianzishwa kushindana nazo. Wafanyakazi wapatao 230 walipoteza kazi. Walipa kodi wa jiji walipoteza takriban pauni milioni 38.

Wengine nao hawakupona. Our Power ya Scotland, iliyomilikiwa na vyama vya nyumba za kupangisha, ilifunga Januari 2019. Bristol iliuza kampuni yake mwaka 2020. Na bei za gesi zilipopaa kuanzia mwaka 2021, kampuni karibu 30 zilianguka, nyingi zikiwa za watu binafsi wenye kutafuta faida. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kosa ni kutotafuta faida. Biashara yenyewe ilikuwa ngumu. Tushukuru pia kwamba sheria za Uingereza zinawalinda wateja: muuzaji akianguka, wateja hupewa muuzaji mwingine na taa haizimiki.

Novemba 2023 Halmashauri ya Nottingham ilitoa taarifa rasmi kwamba haiwezi kulinganisha mapato na matumizi yake, na mwaka 2024 serikali kuu ikateua makamishna wa kuisimamia. Sababu zilikuwa nyingi, si kampuni hii peke yake. Lakini fedha zilizopotea hazikuwepo tena wakati wa shida, na wanaoumia huduma za jiji zinapopunguzwa ni wale wale maskini waliokusudiwa kusaidiwa.

5. MKAGUZI ALISEMA NINI

Agosti 2020, wakaguzi wa nje wa halmashauri, kampuni ya Grant Thornton, walitoa ripoti maalumu kwa ajili ya manufaa ya umma. Walionyesha kwamba halmashauri ilikuwa imekopesha kampuni pauni milioni 43 na kuiwekea dhamana ya pauni milioni 16.5. Hoja zao tunaweza kuzifupisha hivi:

Kwanza, waliosimamia hawakuielewa vya kutosha hatari ya biashara waliyoingia. Madiwani walikaa katika bodi, lakini bodi ilipungukiwa na watu wenye ujuzi wa soko la nishati wa kuwahoji watendaji.

Pili, taarifa za fedha zilichelewa na hazikuwa za kutosha, na maamuzi ya kuongeza fedha yaliendelea kufanywa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wakaguzi walisema kulikuwa na upofu wa taasisi nzima. Kila mtu aliutaka mradi ufanikiwe kiasi kwamba dalili mbaya hazikuonekana au hazikusemwa.

Upofu huo tunaufahamu. Katika kikao cha kanisa ni vigumu kumuuliza mzee mwenzako maswali makali juu ya mradi ulioombewa na kuwekwa wakfu na Baba Askofu. Anayeuliza huonekana hana imani.

6. YALIYOFANYA KAZI

Tusiwaonee watu wa Nottingham. Jiji hilo hilo lina mambo mengine yaliyosaidia watu wake. Tangu miaka ya 1970 kuna mtambo wa kuchoma taka katika eneo la Eastcroft, na joto lake hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye maelfu ya nyumba na majengo ya mjini. Pia nyumba nyingi za halmashauri zilizibwa na kuvishwa kuta za kuzuia joto lisitoke. Mwaka 2017 Nottingham ilikuwa ya kwanza Uingereza kujaribu utaratibu uliotoka Uholanzi wa kuivisha nyumba nzima kuta mpya na paa jipya lenye sola.

Kazi hiyo hugusa jambo la tatu, yaani nyumba mbovu. Nyumba ikishazibwa, hitaji la gesi hupungua kila mwaka, bei ipande au ishuke, na bila kujali ni nani anayeuza. Faida yake hubaki hata kama mradi umekwisha.

Kuna pia mfano wa Ebico, shirika lisilo la faida lililoanza mwaka 1998. Halikubeba lenyewe mzigo wa kununua nishati sokoni. Liliingia mkataba na kampuni kubwa iliyofanya kazi hiyo, lenyewe likasimamia jambo moja: mwenye mita ya kulipia kabla asilipe bei kubwa kuliko wengine. Lilifanya hivyo kwa takriban miaka ishirini.

Na kuna Jiji la Portsmouth, lililokuwa limeandaa kampuni kama ya Nottingham. Mwaka 2018 viongozi wapya waliangalia hesabu upya na kusitisha kabla haijauza hata uniti moja. Walipoteza zile fedha za maandalizi, na wakalaumiwa. Lakini hawakupoteza zaidi.

7. NA SISI JE?

Hapa tunapaswa kusema ukweli mbele yenu, wafadhili wetu mkiwemo. Miaka michache iliyopita mtaa mmoja katika dayosisi yetu ulipewa taa za sola za kukopesha kaya maskini, hasa wajane. Malipo yalikuwa madogo kwa makusudi, kwa sababu tulisema hatutaki faida kutoka kwa wajane. Kila kaya ilipunguza matumizi ya mafuta ya taa, watoto walisoma usiku, na sisi tukaandika katika taarifa yetu: "Mradi unaendelea vizuri."

Hatukuhesabu betri. Zilipoanza kufa, mfuko haukuwa na fedha za kununua nyingine. Zilizokuwepo zilikwisha kutumika kwa nauli za fundi na dharura za usharika, kila moja ikiwa na sababu nzuri. Mtunza hazina wa mtaa alikuwa amelisema jambo hili katika kikao, tena zaidi ya mara moja, na muhtasari unaonyesha hivyo. Tulimjibu kwamba Mungu atatoa. Leo baadhi ya wajane wale wamerudi kwenye koroboi, na wengine wamesema hawataingia tena katika mradi wa kanisa. Kupoteza taa ni hasara. Kupoteza imani ya mjane ni hasara kubwa zaidi, na hiyo haimo katika mizania.

Tumemwomba radhi yule mtunza hazina. Tumewaandikia pia waliofadhili mradi ule na kuwaeleza jinsi mambo yalivyo. Tulipokuwa tukitafakari, ndipo habari ya Nottingham ilipotugusa.

Bwana Yesu, katika Luka 14:28-30, anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara asiyekaa kwanza kuhesabu gharama. Tumezoea kuihubiri kama habari ya uanafunzi, na ndivyo ilivyo. Lakini Bwana alichagua mfano ambao wasikilizaji wake walijua kuwa ni kweli katika kazi za kila siku. Naye Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8:20-21, anaeleza jinsi alivyojihadhari katika kusimamia mchango wa watakatifu, ili mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele ya wanadamu. Kwa hiyo kuhesabu si kukosa imani. Kumhesabia maskini vizuri ni namna moja ya kumpenda.

8. MAMBO SITA YA KUZINGATIA

1) Tafuta tatizo liko wapi kabla ya kuchagua mradi. Ni kipato, ni bei, au ni kifaa kibovu? Jiko linalotumia kuni nusu huenda likamsaidia mama kuliko duka la mkaa wa bei nafuu.

2) Pima faida unayotaka kuiondoa. Mradi usio wa faida bado una gharama zote. Ukiuza chini ya gharama, lazima ajulikane anayelipa tofauti, na hadi lini.

3) Fedha za kesho ziwe na akaunti yake. Betri, vipuri na madeni yatengewe tangu mwezi wa kwanza, na zisitolewe kwa kazi nyingine bila azimio la kikao.

4) Kamati iwe na angalau mtu mmoja anayeijua kazi yenyewe, hata kama si mshirika wa usharika wetu.

5) Taarifa ya fedha isipofika kwa wakati, fedha nyingine zisitoke. Kuchelewa kwa taarifa ni taarifa tayari.

6) Tangu mwanzo andikeni katika muhtasari: "Tukifika hapa, tutasimama." Kusimama mapema si aibu.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

a) Katika mradi wetu, ni nani anayebeba hasara bei zikipanda? Je, anajua?

b) Je, kuna fedha tulizokusanya kwa kazi moja tukazitumia kwa nyingine? Tutazirudishaje?

c) Mara ya mwisho mjumbe kutoa hoja ya kupinga ilikuwa lini? Tulimjibu nini?

d) Mradi wetu ukifungwa leo, ni faida gani itabaki katika nyumba za walengwa?

e) Kwa wafadhili: mnapotuuliza maendeleo, je, mnatupa nafasi ya kuwaambia habari mbaya?

Tunaomba kila kamati ijadili maswali haya katika kikao chake cha robo hii na kututumia majibu kwa barua kupitia ofisi ya jimbo. Hatutafuti majibu mazuri, bali ya kweli. Usharika wowote utakaogundua kwamba mradi wake una shida utujulishe mapema, nasi tutakuja kukaa nanyi na vitabu vya hesabu. Hatutakuja kuwalaumu, kwa maana sisi wenyewe tumeshajikwaa.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Ni kweli, lakini hata tabibu hupima kwanza ndipo atoe dawa. Mungu awabariki katika utumishi wenu.

Ni sisi watumishi wenzenu katika Kristo,
Ofisi ya Miradi na Maendeleo ya Dayosisi